Kwa Reverien Niyonkuru, fundi aliyesikiliza utenzi

Mwaka mzima umetimia, Reverien, tangu Jumamosi ile ya Novemba tulipokusindikiza makaburini, mvua ikitunyeshea, na baiskeli za wateja wako zikiwa bado zimeegemea ukuta wa banda lako pale karibu na soko la Kasulu. Homa ya siku tatu ilikuchukua. Hatukuwa tumejiandaa, na hata sasa kuna asubuhi mama yako anatenga vikombe vya chai na kukosea idadi.

Ulikuwa mpole bila kujitangaza. Wanafunzi uliwajazia upepo bure, ukawafokea kwa kuendesha matairi yakiwa yamelegea, kisha ukawajazia tena kesho yake. Ulipiga mluzi ukikaza spoku, na mluzi ukikatika tulijua kuna kitu kimekushinda. Uliisahau spana kwenye mfuko wa nyuma hata kanisani, ukikaa kwenye benchi ikagonga, Padre akatazama.

Lakini leo tunataka kukumbuka jambo moja zaidi ya mengine, kwa sababu ni wewe uliyelianzisha na hukuliona likifika mwisho.

Mkeo Niyonsaba alipoanza masomo ya jioni, alikuwa na miaka arobaini na minne. Aliliombea jambo lile kwa mwaka mzima kabla ya kulisema. Alitaka cheti cha kidato cha nne, ili aweze kusomea ualimu wa watoto wadogo. Hesabu hazikumtisha. Kilichomtisha ni utenzi wa zamani uliomo kwenye somo la Kiswahili. Alisali kabla ya kukifungua kile kitabu, kama watu wanavyosali kabla ya safari, akakifunga akiwa haelewi kitu.

"Haya ni maneno ya watu wa pwani," alikuambia. "Sisi wazazi wetu walitoka Burundi, tumekulia Kibondo tukilima mihogo. Utenzi tutaujulia wapi?"

Siku moja mwalimu alimsimamisha afafanue mistari miwili:

Na jirani mwenye inda
simuonye lako donda

Niyonsaba alifurahi, maana neno moja alilijua vizuri. Nyumbani kwenu, kwa Kirundi, inda ni tumbo, na mwenye inda ni mama mjamzito. Akajibu kwa sauti, amenyooka kama anasoma somo la kwanza kanisani: "Mshairi anatuasa tusimwonyeshe jirani mjamzito kidonda, asije akashtuka, mtoto akadhurika tumboni."

Darasa zima liliangua kicheko. Faudhia, yule muuza vitenge ambaye bibi yake alitoka Tanga, alicheka hadi akashika meza. "Sasa Mama Aline, jirani akishajifungua, donda tumwonyeshe?"

Mwalimu mwenyewe aligeukia ubao mabega yakimtikisika. Kisha akaeleza kwamba inda kwa Kiswahili ni roho mbaya, ile ya mtu anayefurahia ubaya ukimpata mwenzake. Niyonsaba aliketi. Wiki nzima wenzake wakamwita Mama Inda, na Ijumaa alipotoka darasani alipitia bandani kwako, akaweka kitabu juu ya sanduku la vifaa.

"Nimeacha, Baba Aline. Nitamwomba Mungu anipe kazi nyingine."

Ukamwuliza kisa. Alipokueleza, na wewe ulicheka, Reverien, tusikufiche leo. Ulicheka ukakaa chini. Mkeo aliondoka kwa hasira, ukamkimbilia ukiwa na grisi mikononi, ukashindwa umshike wapi.

"Rudi, rudi. Sikukucheka wewe. Nimemwona huyo jirani na tumbo lake." Halafu ukasema lile ambalo yeye hulirudia mpaka leo. "Wenzako wana lugha moja. Wewe umesoma mstari mmoja kwa lugha mbili. Umekosea, sawa. Lakini hukusoma kwa kukariri. Hebu nisomee huo wimbo wenyewe."

Akakusomea haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza adhabu. Ukamkatiza.

"Unameza kama umetoka kulima juani! Kwetu gusoma ni nini?"

"Ni kusoma."

"Na nini tena?"

Akafikiri. "Kuonja kinywaji."

"Haya. Unaweka mdomo kwenye mrija wa chungu cha pombe, unavuta kidogo, unampisha mwenzako. Mbona hilo unalijua? Vuta kidogo, kisha unipishe na mimi."

Akaanza upya, mstari mmoja mmoja, na baada ya kila mstari akakungoja. Uliweka nyundo chini. Alipofika hapa, ulinyanyua mkono:

Mtima wangu tulia
nyuni wote wametua

"Rudia." Akarudia. "Mtima," ulisema. "Umutima. Moyo. Na nyuni ni inyoni, ndege hao hao! Mama Aline, huyu mzee wa pwani alijuana na bibi yangu?"

Mkeo anasema hapo ndipo kitabu kilipomfungukia. Si kwamba alielewa kila kitu. Alielewa kwamba aliyekiandika alikuwa mtu, amechoka, jioni imeingia, ndege wametulia mitini na moyo wake peke yake haujatulia. Alikuwa amemsikia mama yake mzazi akiongea na moyo wake hivyo hivyo, akipika, miaka ile ya kambi ya wakimbizi. Alilia kidogo, ukajifanya unatafuta misumari.

Jumatatu alirudi darasani. Mwalimu aliuliza maana ya nyuni. Faudhia akabahatisha: "Si nyuki hao?"

"Ni ndege," alisema Niyonsaba. "Na mtima ni moyo. Kwetu maneno hayo hayajazeeka, tunayasema kila siku."

Mwalimu aliweka chaki chini. Tangu siku hiyo, kila walipofika kwenye neno gumu, darasa lilimgeukia kwanza yeye. Mengine aliyajua, mengine aliyakosea tena vibaya, akacheka pamoja nao. Na kila alasiri kabla ya kipindi alikusomea beti tano bandani, wateja wakisubiri. Wengine walinung'unika. Wengine walianza kuja saa hiyo makusudi.

Kisha ukatutoka. Tulikuzika Jumamosi, na karatasi ya kwanza ya mtihani wa mkeo, Kiswahili, ilikuwa Alhamisi. Kaka yako Tharsisi alikataa.

"Mjane atoke nyumbani matanga hayajaondolewa, aende kuandika mashairi? Watu wa Kibondo watatusemaje?"

Niyonsaba aliketi mkekani, rozari mkononi, na baadaye alikiri kwetu kwamba hakuomba aruhusiwe. Aliomba asitamani kwenda. Aliona ni kukusaliti.

Mama yako, Bibi Mpawenimana, ndiye aliyesema. Alikuwa amelala ubavu siku nne, akisali tu.

"Tharsisi, mwanangu alipoteza wateja kwa ajili ya hicho kitabu?"

"Wapo waliokasirika, Mama."

"Na akaendelea kusikiliza?"

"Akaendelea."

"Basi hiyo ni kazi aliyoiacha katikati. Mkamwana wangu, amka ukaoge."

Alhamisi kabla jua halijachomoza, pikipiki ilisimama mlangoni. Faudhia alikuwa amekaa nyuma ya dereva, amebeba kalamu mbili na khanga ya kumfunika mwenzake. "Mama Aline, panda. Ukikaa hapa kulia, mimi huko nitamtazamia nani?" Dereva akatazama pembeni, Niyonsaba akacheka kwa mara ya kwanza tangu ulipoondoka, akapanda.

Shairi walilopewa hakuwahi kuliona. Alilisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu, na muda ulipoisha alikuwa bado anaandika.

Matokeo yalitoka Januari. Kiswahili amepata B, Reverien. Faudhia C, na anadai ni kwa sababu alikaa mbali mno. Tangu Septemba mkeo yuko chuoni, anasomea ualimu wa awali, na likizo anakuja na vitabu vingine vya zamani ambavyo hakuna aliyemlazimisha kuvisoma.

Tharsisi hajakiri kwamba alikosea ile siku. Lakini Juni alishuka kwenye basi kutoka Kibondo na daftari jipya chini ya kwapa, akamwuliza shemeji yake, akitazama chini, kama darasa la jioni linapokea mtu wa miaka hamsini na mitatu. Linapokea. Yuko benchi la mbele.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii saa moja asubuhi, parokiani kwetu Kasulu. Wote mnakaribishwa.

Unakumbukwa na mama yako, Bibi Mpawenimana, mke wako, Niyonsaba, binti yako, Aline, kaka yako, Tharsisi, ndugu wa Kibondo, Buhigwe na Nyakitonto, wanajumuiya, darasa zima la jioni, na Faudhia, ambaye ameomba tumwandike humu kama ndugu, nasi tumemwandika.

Pumzika kwa amani, Reverien. Siku zote tutakazojaliwa, hatutaacha kukukumbuka.