Hesabu ya Ishmael Inaonyesha Mtoto wa Pili Si Wangu

Kwako Mama Mumbua mshauri, pokea salamu za fundi asiye na raha, nakuomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia. Mimi natengeneza vitanda na makabati, kibanda changu cha kazi kiko Kawangware 46 na nyumba yangu iko Soweto West kule Kibera, na nimekuandikia wewe kwa sababu hili jambo siwezi kumwambia mtu yeyote, hata kaka zangu, maana watu siku hizi ukiwaambia kitu asubuhi jioni unakikuta kwa muuza makaa. Hata wewe sijui kama utaniamulia kwa haki, kwa sababu wewe ni mwanamke na mke wangu ni mwanamke, lakini wenzangu kazini wanasema huwa humtetei mtu, basi nitajaribu.

Nilimwoa Nasipwondi kwetu Bungoma nikamleta Nairobi, na mtoto wetu wa kwanza ni msichana, Mercyline, ambaye kabla hajatimiza mwaka vidole vya mikono na vya miguu vilifura, ukimgusa analia, tukafikiri ameangushwa na msichana wa kazi aliyekuwa akimlea, tukamfukuza, vidole vikafura tena, na mwishowe hospitalini wakatuambia ni ugonjwa wa seli mundu, huu ambao wengine wanauita sikoseli, kwamba chembe zake za damu zinajikunja kama mundu wa kukatia nyasi halafu zinakwama ndani ya mishipa. Nilikubali, kwa sababu Mercyline ni mimi mtupu, pua yangu, masikio yangu, hata kununa kwangu, na nampenda. Daktari alitaka mimi na mama yake tutoe damu tupimwe, Nasipwondi akatoa, mimi nikasema nina kazi ya mteja, lakini ukweli ni kwamba siku hizi ukitoa damu hujui inapelekwa kupimwa nini, mtu anaingia mle akiwa mzima na akitoka tayari kuna watu wanaomnyooshea kidole kwamba ana ule ugonjwa mwingine. Majibu ya Nasipwondi yalisema amebeba nusu, yaani yeye haugui lakini anao, nikajiambia basi umetoka kwao, kwetu haujawahi kuwa, mama yangu mwenyewe ameapa kwamba katika ukoo wetu hakuna kitu kama hicho, wadogo zangu wawili walionifuata walikufa wakiwa wachanga kwa malaria ya kawaida tu kama watoto wa watu wengine.

Sasa tumepata mtoto wa pili, mvulana, tukamwita Maurice, na juzi juzi hapa vidole vyake navyo vikafura vilevile. Hapo ndipo nilipoanza kuangalia mambo vizuri.

Ploti ya Kawangware ninapofanyia kazi ni ya Mzee Gathogo, na kijana wake Ishmael anasoma chuo kikuu, anasoma hesabu, na si hizi za dukani, anasema anaandika hesabu za jinsi chembe ya damu inavyojikunja na inavyopita kwenye mshipa mwembamba, kisha kompyuta huko chuoni inamchorea. Mwanzoni nilidhani ananichezea, mtu atahesabuje damu, lakini alipokuja nimtengenezee rafu ya vitabu nikamuuliza juu juu tu, bila kusema ni watoto wangu, kwamba wazazi wakiwa na hiyo kitu, watoto wangapi watakuwa wagonjwa. Akachukua penseli yangu, akachora miduara minne kwenye plaiwudi, akapaka mmoja ukawa mweusi.

"Ni moja kwa nne, fundi. Kama wazazi wote wawili wako na nusu, ni moja kwa nne."

Nikamuuliza kama inaweza kubadilika, labda kwa chakula au kwa hali ya hewa ya Nairobi, akasema haibadiliki hata mtu ahamie wapi.

Mama Mumbua, mimi nimepima mbao tangu nikiwa kijana na najua nne ni nne. Nikipasua mbao nne na moja ina ufa, zile tatu ni nzima, nazihesabia kazi. Kama ni moja kwa nne, na Mercyline ameshaichukua ile moja, basi watatu wanaofuata walitakiwa wazaliwe wazima, na Maurice akiwa mgonjwa maana yake hayumo kwenye hesabu yangu, yumo kwenye hesabu ya mwanamume mwingine ambaye ndiyo kwanza anaanza yake. Niliikodolea macho ile plaiwudi mpaka Ishmael akaniuliza kama naumwa.

Huyo mwanamume sikumtafuta mbali. Kule Kibera tumepakana na Shivachi, fundi wa redio, mtu wa magharibi kama sisi, hana mke hapa mjini, na ni mkimya sana, na mimi mtu mkimya namwogopa. Mercyline akizidiwa nikiwa kazini, ni Shivachi anayembeba mpaka barabarani kutafuta gari. Kwa nini yeye? Maurice akimwona anacheka na kunyoosha mikono, mimi akiniona ananitazama tu kama mtu aliyekuja kudai kodi. Siku moja nilimwambia Nasipwondi nitachelewa, halafu nikarudi mchana makusudi, nikamkuta Shivachi ameketi mlangoni kwangu, nje si ndani, huo ni ukweli, ameifungua redio yetu ambayo sikumbuki kama iliharibika. Nilipomuuliza mke wangu akasema ilikuwa inakwaruza. Mimi sijawahi kuisikia ikikwaruza.

Sikumpiga mtu wala kumtukana mtu. Nilihamia kibandani, nalala kwenye vitanda vya wateja kabla havijachukuliwa, na Jumapili nakwenda Kibera kumwona Mercyline. Shivachi nimemkataza kukanyaga mlangoni kwangu, na Nasipwondi nimemwambia akionekana ametoka na huyo mtu, hata hatua moja, asirudi. Kuhusu kliniki ya Maurice nimesema sitashughulika mpaka baba yake ajitokeze. Akaniambia, "Baba Mercy, ukitaka kumkataa huyu mtoto, mkatae akiwa amepona." Nikaona ni ujanja wa kunifunga mdomo.

Na sasa ugonjwa wenyewe ameugeuza kamba ya kunivutia. Jumapili iliyopita nilipofika akasema mtoto amepauka, analala tu, hataki kunyonya, na tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu limefura ghafla likawa gumu, akachukua mkono wangu eti nishike mwenyewe. Nilishika, ni kweli ni gumu, lakini mtaa huu watoto wangapi wana matumbo kama hayo? Akataka apelekwe hospitali siku hiyohiyo, mimi nimbebe Maurice yeye abaki na Mercyline ambaye naye alikuwa na maumivu ya miguu, nikajua anataka nionekane nimembeba ili watu waseme nimemkubali mtoto. Nikarudi zangu Kawangware.

Niambie, nimrudishe Bungoma na mtoto wake nibaki na Mercyline, au nianze kwa kumshtaki Shivachi mbele ya wazee wa kanisa?

Wakoli,
Soweto West.


Mama Mumbua anajibu:

Wakoli, weka gazeti chini uende nyumbani. Mchukue Maurice umpeleke hospitali kubwa, si duka la dawa, si yule jamaa wa sindano wa mtaani kwenu. Ukifika mwambie daktari maneno haya tu: mtoto ana dalili za ugonjwa wa seli mundu, dada yake anao, amepauka ghafla na tumbo limekuwa gumu upande wa kushoto. Mengine utayasoma baadaye.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama. Umenieleza habari za redio kwa kirefu, nani aliketi wapi, nani alicheka na nani, halafu tumbo la mtoto ukalitupa mwishoni kama kitu kilichokuwa kinakuchelewesha. Hicho kigumu ulichokishika ni wengu. Kwa watoto wadogo wenye ugonjwa huu, wengu unaweza kuifungia damu ndani yake kwa ghafla, ukajaa, na mwili wote ukabaki bila damu ya kutosha. Mtoto wa namna hiyo huongezwa damu siku hiyohiyo, la sivyo hufa. Kabla ya kukujibu nilimpigia simu daktari wa watoto ninayemfahamu nikamsomea aya yako ile. Hakuniuliza baba wa mtoto ni nani. Aliniuliza mtoto yuko wapi sasa hivi, nikamtajia mtaa tu, maana hukuandika hata nambari ya sanduku la posta.

Ikiwa umerudi kutoka hospitalini, keti sasa tuzungumze hesabu zako.

Ishmael alikuambia kweli. Aliyekosea ni wewe, kwa kumpima mtoto kama mbao. Ukipasua mbao nne, zinaisha, ndiyo maana ile yenye ufa ukishaiona unajua zilizobaki ni nzima. Watoto hawatoki kwenye gogo moja lililokwisha kupasuliwa. Chukua mikebe miwili, wako na wa Nasipwondi, kila mmoja una haragwe zima na haragwe bovu. Mtoto akitungwa, kila mkebe unatoa haragwe moja. Yakitoka mabovu mawili, mtoto anaugua. Likitoka bovu moja, atakuwa mzima aliyebeba nusu kama mama yake. Yakitoka mazima mawili, hana kitu. Halafu, nisikilize hapa, maharagwe yanarudi mkebeni. Mtoto wa pili anaanza palepale alipoanzia wa kwanza, na wa tatu hivyohivyo. Hakuna anayekumbuka huko ndani kwamba Mercyline alishaugua. Wako wazazi waliopata wagonjwa watatu wakifuatana, na wako waliozaa sita bila hata mmoja, na hesabu ya Ishmael haijavunjika kwa hao wala kwa hawa. Ungemwambia kijana kwamba unauliza kuhusu watoto wako, angekueleza haya palepale. Lakini wewe ulimuuliza kwa kunyemelea, ukapata jibu nusu, ukaenda nalo kuvunja nyumba.

Tena umenishangaza kwa jambo moja. Unasema Mercyline ni wako bila shaka yoyote, pua ni yako, kununa ni kwako. Mercyline anaugua. Haugui mtoto ambaye haragwe bovu limetoka upande mmoja tu, lazima yatoke mawili. Basi kama Mercyline ni wako, wewe nawe umebeba nusu, na umeibeba tangu kuzaliwa, na hakuna ubaya wowote ndani yake, maana wengi sana wa pande zenu za magharibi na za ziwani wameibeba na wanalima, wanaoa na wanazeeka nayo. Wale wadogo zako wawili siwezi kujua kilichowaua, na mama yako pia hawezi kujua, kwa kuwa enzi zile kila mtoto aliyekufa na homa aliandikiwa malaria. Usimtumie mama yako kama shahidi wa damu ambayo haijapimwa.

Sitakuapia kwamba mkeo ni mwaminifu, mimi siishi kwako. Nasema tu kwamba ushahidi ulionao ni redio inayokwaruza na mtoto anayemchekea mtu anayembeba dada yake. Ungekuwa wa mtu mwingine ungeucheka. Nami pia nina shaka yangu, Wakoli, acha nikuambie. Nadhani huogopi kwamba Maurice si wako. Unaogopa kwamba ni wako, kwa sababu akiwa wako basi haya maumivu yametoka kwako pia, na imekuwa rahisi kwako kuwa na mke mwongo kuliko kubeba nusu yako ya lawama ambayo hata si lawama. Nakuhurumia kwa hilo, kwa dhati. Kumwona mtoto akilia kwa mifupa na kuambiwa ni damu yako kunauma. Lakini huruma yangu inaishia hapo uliporudi Kawangware na kuwaacha wale watatu.

Kwa hiyo utatoa damu. Utamwambia daktari ni kipimo cha seli mundu na utamuuliza kwa mdomo wako kama kuna kingine kitakachopimwa, ni haki yako kuuliza. Utarudi kulala nyumbani kwako. Watoto wote wawili watakwenda kliniki tarehe walizopewa, watakunywa maji mengi, watavikwa vizuri wakati wa baridi ya Julai, na homa ikiwashika hutangoja Jumapili. Kabla hamjafikiria mtoto wa tatu, mtaketi na daktari wote wawili, maana mikebe bado ni ileile. Kisha utakwenda kwa Shivachi, utamwondolea lile katazo lako na kumshukuru kwa kumbeba binti yako, na ukiona aibu, aibu hiyo ni halali yako.

Na wewe Nasipwondi, kama kuna mtu anakusomea haya, usimngoje mume wako. Mwite Shivachi. Mwite jirani yeyote mwenye miguu, mmoja akae na Mercyline, wewe umbebe Maurice utoke. Ukiambiwa baadaye hukupewa ruhusa, sema ni mimi niliyekuruhusu.

Katika ukurasa huu huwa nabadilisha majina ya watu na mitaa yao, wasomaji wangu wanajua. Safari hii nimeacha kila jina kama lilivyoandikwa, na mtaa, na kazi ya kila mtu, ili yeyote wa Soweto West au wa Kawangware 46 anayewajua watu hawa aende kuwagongea mlango leo. Najua nimekuaibisha, Wakoli. Ofisi yetu iko wazi kuanzia Jumatatu, njoo unigombeze hadi uridhike, lakini uje umembeba Maurice.