Alama Yetu Ilikuwa na Magurudumu

Jumanne. Malaba imeamka na mawingu, na mimi nimeamka na mume. Bado nalirudia neno hilo kimoyomoyo. Mume wangu.

Tuna miezi mitatu ya ndoa. Ni mwezi mmoja na nusu tangu mshtuko wa moyo umwangushe bafuni, nami jikoni nikidhani ni beseni limedondoka.

Sasa tuko kwenye mazoezi ya kutembea. Nesi alituambia dakika kumi kwenda, kumi kurudi, na njiani aweze kuzungumza bila kukatiza maneno. Akikatiza, tusimame. Kuangalia saa kulitukera, kwa hivyo tulichagua alama: lori la buluu kwenye foleni ya kuvuka mpaka. Lilikuwa limekwama hapo siku tatu. Tunafika, Josphat analipiga tairi kofi, tunarudi.

Leo tulitoka tumeshikana mikono. Nilikuwa naongea tu: mapazia, jina la mtoto ambaye hata hatujampata, alivyopendeza kwa lile shati la harusi. Yeye akanyamaza, akanibana vidole. Nikayeyuka. Nikadhani ni mahaba.

Hayakuwa mahaba.

Dereva mmoja alichungulia dirishani akicheka. "Boss, hiyo gari inasonga tangu asubuhi. Mnaisindikiza mpaka Kampala?"

Nikageuka. Mtaa wetu ulikuwa umebaki mbali kabisa. Foleni ilisogea, nasi tukaifuata kama mbuzi. Uso wa Josphat ulikuwa umelowa jasho.

Nilimketisha kwenye benchi la mama wa chai. Nikamwomba aseme kiapo chetu cha ndoa, bila kupumzika.

"Mimi Josphat nakutwaa..." Akavuta pumzi. "...wewe Nekesa."

Sijawahi kusubiri jina langu namna hiyo.

Aliapa kwamba kifua hakiumi. Nikampigia nesi hata hivyo. Akasema turudi kwa boda, apumzike, kesho twende nusu ya njia, na kifua kikibana hata kidogo, tukimbilie hospitali. Mama wa chai akaniambia nisogee kidogo, nimpe mwenzangu hewa.

Naungama hapa. Nilitaka apone haraka ili nirudishiwe yule bwana harusi aliyecheza mpaka kamba za viatu zikafunguka. Huyu aliye kando yangu sikumsikiliza.

Amelala kwenye kochi sasa, mchana kweupe, nami namhesabia pumzi. Kabla ya kusinzia alisema kesho tunatoka tena, na alama ni nguzo ya stima. Nilitabasamu.

Kesho nitafunga mdomo. Yeye ndiye ataongea njia nzima.