Rukundo Anaita Ng'ombe

Jumatatu, 3 Juni
Mazoezi tena kwenye kinu cha zamani cha mihogo. Asukulu kapiga mapipa ya mawese mpaka unga wa zamani ukatumwagikia kutoka darini. Mimi besi. Rukundo ni sauti tu iliyorekodiwa kwenye simu, simu kwenye amplifaya ya kwaya. Mchungaji ametuazima kwa sharti tusipige mambo ya shetani. Bado hajaja kutusikiliza, Mungu ni mwema.

Rukundo mwenyewe hayupo. Alipanda milimani mwezi wa pili kumtazama baba yake na ng'ombe. Alisema Pasaka itamkuta hapa mjini Baraka. Pasaka imepita, simu yake haiiti. Atarudi.

Alhamisi, 6 Juni
Tumealikwa! Tamasha la vijana, hapa Baraka, Jumamosi ya tarehe 22. Sisi, bendi ya Kutu, ambao kwenye arusi kule Mboko tulizimiwa jenereta wimbo wa pili. Bwana arusi alidhani spika zinaungua.

Tulianza watatu, wote tumefukuzwa kwaya. Rukundo alikuwa akiliacha gitaa lilie peke yake katikati ya Haleluya. Jina la bendi alilitoa yeye, kwa ajili ya nyuzi zetu zilizoshika kutu. Watu walituona wehu. Sasa wimbo wetu mmoja umesambaa kwenye simu, mpaka kwenye kambi ya wakimbizi Lusenda wanaupiga. Ni ule wenye sauti yake, ndefu, ya juu, kwa lugha ya kwao. Asukulu aliirekodi hapa kinuni. Mimi nikakata kipande kilichonipendeza, nikakifanya kijirudie mwanzo hadi mwisho. Hatujui anasema nini. Tulimuuliza, akacheka, akasema ni mambo ya nyumbani.

Ijumaa, 14 Juni
Mtu kashuka kutoka juu milimani. Kijiji cha kina Rukundo kimechomwa. Ng'ombe wote wamechukuliwa. Baadhi ya waliokimbia wameonekana. Yeye na baba yake, hakuna aliyewaona.

Sikula. Asukulu hajagusa mapipa. Nimeupiga wimbo peke yangu kinuni. Kila kipande kikirudi mwanzo nageukia mlangoni. Nahisi mtu kasimama pale. Naogopa, na bado narudia.

Jumapili, 16 Juni
Mwenye ukumbi wa tamasha katuita baada ya ibada. Tupige, lakini tuondoe lugha ile ya milimani, watu wa hapa hawapatani na wa huko, watachafuka. Asukulu, Mbembe wa Lweba, mwenyeji wa hapa toka kisigino mpaka utosi, akasimama. "Ukimutosha yeye inje, tutoshe na sisi wote inje." Tukatoka.

Jioni mzee wa ukumbi kakubali, shingo upande. Nimeapa. Sauti ya Rukundo itapigwa, potelea mbali.

Jumatano, 19 Juni
Mama yake Rukundo yuko Baraka, kwa dada yake. Ameshuka kwa miguu. Tumempelekea unga na sukari. Miguu imemvimba. Majirani wanamwambia akae matanga, amekataa, hajaona maiti. Nilifurahi aliposema hivyo. Niseme ukweli, nilifurahi sana.

Kisha akataka kusikia wimbo. Nilidhani atalia. Akaifunika simu kwa kiganja.

"Haimbe pale," akasema. "Iko naita ngombe. Kila moja na jina yake."

Akatueleza. Kwao mwitaji husimama mlangoni pa zizi. Anaita, na kila ng'ombe akifika anampokea kwa neno lake. Wa mwisho akiingia, anafunga. Hakuna anayeita akaachia katikati. Sisi tumekata kabla hajapokea hata mmoja.

"Munamusimamisha tu ku mulango," akasema. "Anaita, anaita. Hamumupe kupumuzika, batoto bangu."

Niliona aibu, halafu hasira. Kipande kile ndicho wimbo wenyewe!

Ijumaa, 21 Juni
Tumegombana. Asukulu anataka tupige rekodi nzima, kama mama alivyoeleza. Nikasema ni ndefu, watu watazomea, mwishoni ni maneno tu ya chini chini. Nikasema mengi.

"Furaha," akaniambia, "we unaogopa afunge zizi."

Nikabeba besi, nikaenda zangu. Njia nzima nilikuwa nakiwaza kipande kile. Kikijirudia, yupo. Kikiisha, itakuwaje?

Jumamosi, 22 Juni
Tumepiga alasiri, jua kali, ukumbi umejaa. Rekodi nzima. Mimi ndiye niliyeiwasha.

Mwanzoni walishangilia, wanaujua mwito. Ulipopita mahali nilipozoea kukata, miluzi ikaanza. Mmoja akapiga kelele kwamba hii si lugha ya hapa. Asukulu akayapiga mapipa kwa viganja tu, taratibu. Mimi noti moja. Mama yake Rukundo alikaa mbele, kajifunika kitenge kichwani, midomo ikicheza. Alikuwa akitaja kila jina kabla ya sauti ya mwanawe.

Rukundo akaanza kupokea. Neno, kimya. Neno, kimya. Sijui lini ukumbi ulitulia. Mwisho neno moja fupi, la kufunga. Tukasikia pumzi yake. Kisha mvumo wa spika peke yake.

Nilitaka kuirudisha. Kidole kilikuwa juu ya kioo. Sikuirudisha.

Jumatano, 26 Juni
Mama amekubali kukaa matanga, anasema mwitaji ameshafunga. Hakuna kaburi. Mikeka imetandikwa uani kwa dada yake. Mama wa Asukulu kaleta sombe, majani ya mihogo, na sufuria kubwa. Baadhi ya majirani wamekuja, wengine wamepita njia wakitazama upande mwingine. Nimelia tangu asubuhi, sasa macho yanawasha tu.

Bibi mmoja aliyeshuka kutoka juu akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikamwambia tulikuwa tunapiga muziki pamoja. Mama akasogea, akanipa nafasi mkekani.