Mama Mudogo, Tuzo Hii Ingoje Kwanza

Mama mudogo wetu wa Obokote,

Ningeanza kwa kukuuliza habari za nyumbani, lakini muntu anayekuja na aibu haulizi habari, anakaa chini kwanza. Basi nimekaa. Barua hii nimeomba isomwe kwenye redio ya hapa Kindu, na kanisani kwetu kwenye kambi ya reli, Jumapili, kabla ya matangazo, wakati watu bado hawajaanza kuangalia saa. Najua hupendi mambo yako yasemwe mbele za watu. Lakini weye ulisemwa mbele za watu. Walikuita mulozi, muchawi, kwa sauti kubwa, na miye siwezi kuja kukunong'oneza, "Hukuwa mulozi."

Habari yenyewe njo hii: nimepewa tuzo. Universite inatafuta walimu ambao utafiti wao haukubaki kulala kwenye maktaba, umetoka ukasaidia wananchi. Inawapandisha jukwaani, inawapigia makofi. Safari hii njo miye. Kwenye karatasi yao wameandika kama kazi yangu imeokoa miguu ya watoto na imerudisha wanawake wengi kwenye nyumba zao. Wenzangu walipiga simu wakishangilia. Miye nilipofika kwenye lile neno la wanawake nilisikia uso unawaka. Niliikunja karatasi nikaikalia. Kweli, Mama, niliikalia, kama mutoto anayeficha andazi la wizi.

Unakumbuka ulivyoingia kwetu? Mama yetu alikuwa amekufa, Baba hakujua hata kuosha muchele, na miye na mudogo wangu Faida, binti zake wawili, tulikuwa tunajikuna kichwa toka asubuhi. Ulitua kitunga chako, ukatuangalia vizuri, ukasema: "Hawa si watoto, hili ni shamba la chawa." Faida akacheka mpaka akakaa chini. Baba, muntu wa Kasai, alikuwa anajivuna kwa jirani kama amepata muke anayejua kila jani la porini. Ukamujibu palepale: "Na miye nimepata muntu wa reli asiyejua jani hata moja, isipokuwa la tumbako." Hatukuwa tumesikia muntu anamuchokoza Baba hivyo. Na yeye alifurahi, ingawa alijifanya kukasirika.

Halafu vita. Treni zikasimama, Baba akabaki anavaa kofia ya reli bila reli. Tulivuka Lualaba kwa mutumbwi tukaenda kukaa kwenye shamba lako ng'ambo. Mupunga wakaula wenye bunduki, mbuzi wakawala, ukabaki muhogo, tena ule mukali, ambao lazima ulale majini mpaka ulainike kabisa ndipo sumu itoke. Nani alikuwa na nafasi ya kungoja? Tulilowesha kwenye kijito, wenye bunduki wakaja kuuchukua ukiwa umeshalainika, tayari kwa kuanikwa, wakatuachia maji. Njo Baba akasema: "Utoeni kesho yake tu. Heri muhogo mugumu tumboni mwetu kuliko mulaini tumboni mwao." Tulicheka sana siku ile. Ng'ambo nzima walifanya vile, si sisi peke yetu. Weye ulipika kilichokuwapo: bukari ya unga wa ule muhogo, sombe la majani yake bila chumvi, na mara mojamoja kipande cha samaki. Kile ulimuwekea Baba, kwa sababu njo heshima, na sisi tukachovya muchuzi.

Asubuhi moja Faida aliniita kama dada yake mukubwa: "Yaya, miguu yangu inakataa." Jana yake alikuwa anakimbiza kuku. Sasa miguu ilikuwa imekakamaa kama michi ya kinu. Weye ulimukanda na maji ya moto, ukamufunga mgongoni ingawa alikuwa mukubwa, ukamuvusha muto, ukamupeleka kanisani kwenye maombi. Weye mwenyewe ulimupeleka! Na kule njo walikugeukia. Nani alipika? Mama wa kambo. Anatoka wapi? Porini, Obokote. Nyumba nzima wako wazima, mutoto wa marehemu peke yake njo amepooza! Baba alisimama mbele ya kanisa zima akasema utoke nyumbani mwake. Uliomba umuage Faida tu. Wakakukatalia, na Baba akaangalia ukutani.

Niliamini, Mama. Nilikuwa mutoto, na mutoto anaamini anachoambiwa na wakubwa. Kwa hilo sijilaumu sana. Aibu yangu si ya wakati ule.

Aibu yangu ilianza Kisangani, nikiwa tayari mwanafunzi wa universite. Mwalimu alitueleza ugonjwa unaoitwa konzo. Wakati wa njaa au vita, alisema, watu wanakula muhogo mukali usiolowa vizuri. Hakuna samaki wala nyama wala maharagi ya kuusaidia mwili kushindana na ile sumu. Na asubuhi moja miguu ya mutoto, au ya mama yake, pengine ya mumoja tu kwenye nyumba nzima, inakakamaa. Haiumi, na hairudi tena kama zamani. Wenzangu waliandika. Miye niliweka kalamu chini nikatoka nje. Likizo ilipofika nilirudi Kindu na jambo hilo limejaa kinywani. Nikamukuta Baba anakula. Nikakaa mbele yake, nikafungua kinywa, nikamuuliza kama chumvi imetosha. Chumvi! Mwana wa muntu amekaa na neno kubwa vile, anauliza chumvi.

Toka hapo nimetembea Maniema nzima na maneno ambayo sikuyasema kwetu. Kibombo, Punia, kwenye njia ambako si pikipiki inayobeba watu, ni watu wanaobeba pikipiki. Nimeinama na akina mama kwenye vijito vyao kulowesha muhogo. Nimewaambia wanaume: "Muke wako si mulozi, ni muhogo. Nenda ukamurudishe." Na wamewarudisha! Nimeona mwanaume mwenye mvi anapiga magoti uwanjani kwa wakwe zake, na miye pembeni ninalia, watu wakisema, "Huyu Profesa iko na roho nzuri." Roho nzuri! Karibu na Punia muzee mumoja aliniuliza: "Na kwenu, Profesa, ugonjwa huu ulifika?" Nikamujibu: "Hapana, Muzee. Kwetu haukufika." Na Faida yuko nyumbani anashona kwa cherehani ya mukono, kwa sababu miguu yake haiwezi kukanyaga ile ya miguu. Watu wanasema muganga hajigangi. Wananipa heshima ya bure. Huyu muganga alikuwa anamuogopa baba yake tu.

Tuzo ilipokuja nikajidanganya kama nimepata njia ya mukato. Nilikutumia mwaliko kwa dereva wa pikipiki, na kitenge kipya, uje ukae mbele, nikutaje jina, watu wapige makofi, mambo yaishe. Ujinga gani huo! Kukufukuza tulikufukuza kwa maneno makali, kukurudisha tunataka kwa kitenge. Dereva alirudi nacho. Aliniambia kama hukukifungua. Ulimupa maji na ndizi, ukamuuliza jambo moja tu: "Faida iko anatembea?" Masikini, hakujua la kukujibu.

Hukuuliza tuzo ni ya nini. Hukuuliza habari ya Baba. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yako, hata nilikuwa ninayatamani, maana ukitukanwa unaweza kukasirika na weye kidogo, ukapumua. Lakini swali lile? Nilikaa kwenye kizingiti nikashindwa kuingia ndani. Mwishowe nilimuambia Faida. Aliacha kushona, akasema: "Swali ni langu, lakini wa kulijibu ni Baba. Nenda. Na usimuulize chumvi."

Nilimukuta uani anapiga pasi koti lake la reli, lile la vifungo vya shaba, kwa ajili ya siku yangu. Kambi nzima alikuwa ameshaitangazia. Aliponiona akacheka: "Mama Profesa! Miye watanikalisha wapi? Mbele kabisa, ama?"

Nikasema yote, nikiwa nimesimama, bila kuchagua maneno. Nikangoja anikemee. Aliendelea kupiga pasi, kola kwanza, kisha mikono.

"Nilijua," akasema.

"Toka lini?"

"Toka ulipoanza kusema habari za muhogo kwenye redio. Nilisikia kidogo tu, nikaelewa, nikaizima. Kila unapoanza, nazima."

"Na hukusema kitu, Baba?"

"Weye uliyesoma hukusema. Miye ningeanzia wapi?"

Eee, Mama. Tumeishi nyumba moja, kila mumoja anamufichia mwenzake jambo ambalo wote wawili tunalijua, na Faida katikati yetu anashona nguo za watu.

Halafu akainua kichwa, akaniuliza kama muntu anayetaka kujua kweli: "Jambo moja njo linanishinda. Tulikula sufuria moja. Mbona miye sikuugua?"

Hilo nimelijibu vijijini bila shida yoyote. Kwa baba yangu nililijibu nikiangalia ile pasi. Nikamuambia: "Ulikuwa unakula samaki, Baba."

Akaweka pasi chini. "Kile kipande?"

"Njo kile."

"Kidogo vile?"

"Hata kidogo vile, Baba. Pengine kingemusaidia."

Alichukua lile koti, bado lina moto wa pasi, akajifunika uso. Nilimusikia analia kama sikuwahi kumusikia, hata siku mama yetu alipokufa. Nami nilibaki nimesimama pale, sijui kumushika bega ama kuondoka, kwa sababu nilikuwa namuhurumia na kumukasirikia kwa pamoja.

Nimewaambia watu wa universite tuzo ingoje. Hawakufurahi, ukumbi umeshatengenezwa, wakubwa wameshaalikwa. Nikasema wakiona vema wampe mwingine. Usinisifu, si unyenyekevu. Kazi ya muhogo ni nzuri, naijua uzuri wake, siikatai. Lakini siwezi kupigiwa makofi kwa kurudisha wanawake wa watu wakati mwanamuke wa kwetu iko Obokote na jina la ulozi. Tutakuja kwanza. Baba amesema atapanda pikipiki na uzee wake, na matope yale yote. Atasema mbele ya ndugu zako, kisha atarudi kusema kanisani hapa, palepale aliposimama siku ile. Hatuji kukuchukua, weye si muzigo wa kubebwa. Ukitufungia mulango tutakaa nje kidogo, tutarudi tulikotoka, na haki itakuwa yako.

Lakini swali lako lisingoje barabara. Ndiyo, Mama, Faida iko anatembea. Anatembea na fimbo, polepole, magoti yanagusana, na mvua ikinyesha hatoki kwa sababu ya utelezi. Kukimbia, hapana. Iko na mutoto wa kike mutundu ambaye hajui kutembea, anajua kukimbia tu. Hasira hana nyingi, lakini anazo, na zote ni kwetu. Anapokutaja anasema Mama, haongezi mudogo.

Baba nilimuuliza kama ana neno la kuweka hapa. Aliniandikisha mengi, kisha akanifutisha yote. Neno la msamaha alikataa lisiandikwe. Anasema hilo litatoka kinywani mwake mbele yako, ama lisitoke kabisa. Amebakiza haya tu, kwako na kwa kila aliyekuwa kanisani siku ile:

"Haikuwa weye. Ilikuwa miye."

Tuko njiani, Mama.

Mutoto wako mukubwa,
aliyejua akanyamaza.