Usiisubiri Dawa Yangu

Mdogo wangu Mwanaidi,

Marahaba kwa shikamoo zako zote ambazo sikuziitikia. Unisamehe kwa kimya hiki kirefu. Sikuwa mgonjwa, wala sikukosa nafasi. Nilikosa la kukuambia. Hali yako je? Mkono bado unavimba? Mvua zimeshaanza hapo Mapinga? Huku baridi imeingia, nami ni mzima, alhamdulillahi.

Ijumaa mumeo, shemeji Athumani, alinipigia simu. "Shemeji, mdogo wako kagoma kurudi Dar kutundikiwa dripu za saratani. Anasema kaka yake anampikia dawa huko Ulaya."

Kosa ni langu. Uliponiuliza kazi yangu ya maabara, nilikupa mfano wa kungwi, kwa kuwa wewe mwenyewe ni kungwi. Nilisema kwamba ndani ya seli zimo protini zinazozishika protini nyingine kama kungwi amshikavyo mwali, zikiziweka sawa mpaka ziweze kufanya kazi. Katika seli ya saratani, kungwi huyo huwalea wabaya. Protini anazozitunza huingia katika kiini na kuamuru vinasaba vya ugonjwa visomwe na kunakiliwa bila kukoma.

Ukacheka: "Mfukuzeni basi, kaka! Kungwi gani huyo asiye na adabu? Angekuwa kwetu, mie ningemtoa nje ya ngoma mbele za watu!"

Nami nikacheka, nikasema tunamfukuza. Sikuongeza kwamba tunamfukuza katika visahani vya maabara tu, si ndani ya mwili wa mtu. Tena hata humo hatujashinda. Tulimzuia kungwi mmoja, seli zikadhoofika. Kisha zikafungua vinasaba vingine na kuwaita makungwi wenzake. Na seli njema nazo zinamhitaji huyo huyo. Nilipoyaona matokeo hayo, ujumbe wako wa sauti ulikuwa umeshafika: "Kaka, dawa yako naingoja." Niliusikiliza, nisiujibu. Wewe ukadhani kwamba nimeshughulika na kuitengeneza.

Hakuna dawa, Mwanaidi. Huenda ikapatikana siku moja, lakini saratani yako haitaingojea. Dripu unayoichukia ndiyo dawa iliyopo. Barua hii ikikufikia, mwambie Athumani akupeleke hospitali kesho yake. Usimfiche daktari kwamba uliacha. Atakugombeza, kisha atakutibu.

Athumani ameniomba nije nikae nawe mpaka dripu ziishe. Msimamizi wangu anasema kwamba nikiondoka sasa, kazi atapewa mwingine. Naona haya kukuandikia kwamba bado ninalipima jambo hili, lakini sitakudanganya mara ya pili.

Nisalimie Athumani, binti yako Zuhura anayekupikia uji, na mama yetu mdogo aliyeko Pangani.

Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, hata kama uamuzi wenyewe hautakupendeza. Wewe usiungoje. Nenda.

Kaka yako,
Salimu