Jina Lako Kwenye Mafaili

Kaka Mwakio,

Tangu tukuzike, kiti chako hapa ofisini Stratford, huku ugenini, kimekaliwa na mtu mwingine, na mimi ndiye ninayetunza seva zako. Zile zile za hifadhidata, zinazotumia mafaili kwa pamoja, moja ikizimika nyingine zinabeba kazi yake. Zinaendelea vizuri. Mimi hapana.

Unakumbuka siku uliponiita mchana kweupe, ofisi imejaa, ukasema, "Dada Wakesho, hebu vuta waya wa seva hiyo." Nilidhani unanitania. "Vuta! Tusipojaribu tukiwa na chai mkononi, tutajaribu lini?" Nikavuta. Seva ikazimika, nyingine zikachukua mafaili yake, na watu wa mauzo ghorofa ya chini wakaendelea na simu zao bila habari. Ulicheka hadi ukafuta miwani. Ukawa mchezo wetu wa kila mwezi, mimi na wewe na Kiswahili chetu, wenzetu wakitutazama kama vichaa.

Kicheko kile nakitafuta, kaka. Mwezi huu nilivuta waya peke yangu, nikageuka nikuone, nikakumbuka.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikuandikie. Mafaili yote uliyoyaweka yalikuwa na jina lako, kama mwenye mali. Kila asubuhi nilikuwa nikifungua orodha nalikuta limejipanga, mwakio, mwakio, mwakio, na moyo unatulia kidogo. Bosi akasema akaunti ya mtu aliyefariki haiwezi kubaki wazi. Niyahamishie mafaili kwenye jina langu, kisha niifute. Ana haki. Nikampiga chenga, mara nina likizo, mara mfumo una shughuli nyingi. Jana akaja mezani kwangu, akaniomba kwa upole nimalize siku hiyo hiyo.

Nikafanya. Nilitamani hata faili moja likatae. Hakuna lililokataa. Kengele haikulia, hakuna aliyeinua kichwa, kila kitu kilikwenda kama ulivyokipanga kiende. Nikajifungia chooni, nikalia.

Kwa hiyo humu kazini hakuna tena palipoandikwa jina lako. Nimeamua nitalisema kwa mdomo. Atakayeniuliza nani aliyejenga mfumo huu, nitamwambia ni Mwakio, na sitamwachia aende mpaka alitamke sawasawa.

Pumzika salama, kaka yangu.

Wakesho