Baba, Ukuta Wetu Umepinda Majini

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mdomo umezoea, na sijui namna nyingine ya kuanza maneno na wewe. Mvua za mwanzo zimeshanyesha Tanga, na lile dimbwi la mbele ya nyumba yetu limejaa tena. Wiki iliyopita nililipiga picha kwa kamera yako. Laiti nisingalipiga.

Watu walikujua kwa picha za paspoti. Pale studio Makorora ulikuwa bwana wa "inua kidevu, usicheke", na hata mabibi harusi walikuogopa. Lakini Ijumaa, ukishatoka msikitini, ulifunga duka ukanichukua twende mjini kuzipiga nyumba za zamani. Hukuzipiga uso kwa uso. Ulizitafuta kwenye madimbwi, kwenye vioo vya magari yaliyoegeshwa, na kama hakuna dimbwi, kwenye beseni la maji ambalo nililibeba mimi, nikiona haya, maana wenzangu waliniuliza kama siku hizi tunauza pweza. Pangani ulilipiga boma la zamani likiwa limelala mtoni kichwa chini, ukapiga tena na tena mpaka pantoni ikatuacha. Na kule kanisani kwa Walutheri, mzee wa kanisa alipotufungulia mlango, uliupiga mtaa wa nje kupitia kioo chekundu, na mtaa wote ukatoka kama unaungua. Picha ile sikuipenda hata siku moja. Wewe ukaitundika sebuleni, na mpaka leo ipo.

Nyumba yetu wenyewe uliipiga kila masika, kutoka upande wa pili wa barabara, wewe umepiga magoti kwenye tope na mama yuko roshani anakuzomea kuhusu suruali. Siku moja ulinivuta na mimi nikapiga magoti. Ukanionyesha kona ya ukuta na sura yake majini. "Tazama," ukasema. "Ukuta ulio wima na sura yake huwa mstari mmoja, kama uzi. Ukiinama, hupinda pale vinapokutana." Nikakuuliza kwa nini usiutazame ukuta wenyewe tu. Ukacheka. "Ukuta umeuzoea, utauonea huruma. Maji hayana undugu na mtu."

Mwaka ule ulikuwa uzi.

Wiki iliyopita, Baba, kona ya upande wa chumba cha mama ilikuwa imepinda majini kama kiwiko. Nilidhani nimeshika kamera vibaya. Nikapiga tena, nikasogea, nikapiga tena. Nikaenda kuzitoa picha zako za miaka iliyopita nikazipanga sakafuni, mwaka kwa mwaka. Kumbe nyumba imekuwa ikiinama polepole huku sisi tunakunywa chai ndani yake.

Nikamwita fundi. Akapanda juu, akateremsha timazi lake, uzi wenye kipande cha chuma nchani, kutoka dirishani, akaukazia macho ule uzi na ukuta. Aliposhuka alisema, "Dada, sikufichi. Chokaa imekwisha nguvu, mawe haya yanashikana kwa mazoea tu. Ikinyesha mfululizo, miye humu silali." Nikamuuliza kama kuna la kufanya upesi. Akajibu kwamba la upesi ni kumtoa mtu aliyemo.

Aliyemo ni mkeo. Yuko edani, na eda haijafika nusu. Anakaa chumbani kwenu kavaa nyeupe, na wanawake walishafunika kioo cha kabati kwa kanga siku ileile tuliyokuzika. Mchana jua likipita kwenye vile vioo vya rangi juu ya mlango wa roshani, humpaka buluu begani na kijani mapajani. Juzi tumekaa hivyo, mara kioo chekundu kikalia tik, kikaingia ufa toka pembe hadi pembe. Hakuna aliyekigusa, wala upepo haukuwepo. Mama akasema ni joto. Jioni yake kile cha manjano nacho kikafuata.

Nilimpelekea picha nikidhani yatakwisha. Akageuza uso. "Miye niko edani, mwanangu. Vioo siangalii."

"Mama, hii si kioo. Ni picha."

"Picha ya nini?"

"Ya dimbwi la hapo nje."

"Na dimbwi si kioo cha Mungu? Toa."

Nikatoa. Ningefanyaje? Nikamwendea ustadhi, akaja mwenyewe, akakaa nyuma ya pazia akamweleza kwa upole kwamba penye hatari mjane anaruhusiwa kuhama akamalizie eda yake pengine pa salama. Mamdogo kule Pangani ameshatandika kitanda. Mama alimshukuru sana ustadhi, akaagiza apewe kahawa. Kisha akabaki palepale.

Unajua kwa nini habanduki? Kwa sababu yako. Siku zile za mwisho, alipotaka tukupeleke Pangani upate hewa ya mto, ulimshika mkono ukamwambia, "Mwanahawa, usitoke humu. Niendako nikirudi nisikukute, nitakutafuta wapi?" Ulikuwa unatania. Mimi nilikuwepo, nimeshika bakuli la uji, niliuona uso wako, ni ule ule ulioutumia kuwachekesha watoto wagumu studio. Sote tulicheka, na yeye alicheka. Wiki ile ile ukafa, na utani ukageuka wasia. Sasa kila nikimgusia kuhama ananijibu kwa sauti ile isiyo na ugomvi, "Kaniambia nimsubiri hapa. Weye ulisikia." Nilisikia, ndiyo. Nikimwambia ulikuwa utani ananitazama kama ninakutukana kaburini.

Nakukasirikia kwa utani ule. Nimelala na hasira hii, nimeamka nayo, na heri niiseme kuliko kuibeba. Uliweza kuuona mji mzima umeinama ndani ya beseni la maji, ukashindwa kuona mkeo anayabeba maneno yako kama amana.

Sasa ninapoandika wingu limekaa juu ya bahari tangu asubuhi, zito, halisogei. Vumbi la chokaa limedondoka kwenye kitanda cha mama, amelikung'uta kwa kiganja akaendelea na tasbihi. Mlango wa chumba umeanza kubana, kuufunga mpaka niusukume kwa bega. Kumbeba kwa nguvu siwezi. Atanilaani, na nikimtoa leo kesho atarudi kwa miguu.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nikuandikie. Mama anaamini ndoto za marehemu kuliko timazi la fundi, kuliko fatwa ya ustadhi. Kesho, akishaswali alfajiri, nitakaa miguuni pake nimwambie nimekuota. Nitasema ulikuja umevaa ile kanzu ya krimu, ukaniambia, "Mwambie mama yako aende Pangani. Nitamkuta huko." Atalia, halafu atafunga mizigo. Nina hakika.

Lakini sijakuota, Baba. Tangu tukuzike hujanijia hata mara moja, na hilo nalo linaniuma. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayesema ameota na hakuota ana hesabu nzito mbele ya Mwenyezi Mungu. Nitaibeba hesabu hiyo. Mama ataishi na mimi nitajibu.

Ila nikuombe. Leo nitalala mapema, na udhu wangu. Ikiwa hutaki nikuzulie maneno, njoo uyaseme mwenyewe.

Mungu akulaze pema.

Binti yako